Neno la Kuingilia Darasani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Chuo, Mkuu wa Idara ya Lugha, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, na wewe Baba Santo mwenyewe uliyekaa hapo mbele umekunja mikono: nawasalimu nyote.

Nimeombwa, kama mke wa mstaafu, niseme mawili matatu. Nimejiandaa wiki nzima, na bado nimechanganyikiwa. Mnamwita Baba Santo kwa sababu hakuna aliyeingia darasa hili bila kusimama mlangoni na kutaja neno lenye maana ya mtakatifu kwa lugha mojawapo ya ukoo wa Kilatini. Santo kwa Kiitaliano, saint kwa Kifaransa, são kwa Kireno. Na kwa Kiromania ni sfânt, ambalo eti lina mkono wa majirani zao Waslavi. Nimeyataja sawasawa? Usinikunjie uso, mume wangu.

Siku moja jikoni nilimuuliza, mbona katika lugha hizo neno la kitu kitakatifu ndilo hilohilo la mtu mtakatifu? Mtu anafikaje huko? Akaniambia asili yake ni kitu kilichotengwa, kisiguswe ovyo. Nikamwambia kumbe, ndiyo maana vyombo havioshi.

Lakini ndugu zangu, yuko mmoja aliyegoma kulitaja. Kitinda mimba wetu, akiwa mwaka wa kwanza hapa chuoni, alisimama kwenye mlango huo huo akasema, "Baba, siwezi kutamka neno nisilolielewa." Baba yake akamjibu, "Basi kaa nje mpaka ulielewe."

Akaondoka moja kwa moja, asirudi tena darasani. Leo ni fundi vigae, na nyumbani haji baba yake akiwepo. Nani mkosaji hapo? Mimi ni mama wa mmoja na mke wa mwingine. Nikimtetea huyu, namuumiza yule. Sijui, na kutojua huko kunaniuma.

Ninachojua ni kwamba tangu tuanze sherehe hii mwanangu huyo amesimama nje ya mlango, amevaa shati lake la kutokea. Viti vipo, ila hajui aingie kwa neno gani, na mimi sina la kumpa. Mume wangu, wewe umestaafu; sheria yako nayo itastaafu lini?

Naona Baba Santo ameinuka. Sijui anakwenda mlangoni au anakuja kuninyang'anya maikrofoni.

Amenipita, anaelekea mlangoni. Basi, kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana. Na ninyi mlio karibu na mlango, sogeeni kidogo, mwanangu apite.