Pigo la Nne

Benchi letu liko mlangoni pa studio ya Fundi Biti, chumba kimoja chenye magodoro ukutani kuzuia kelele. Tuko watatu wa kudumu: mimi kinyozi, Mzee Redio anayetengeneza redio, na Fundi mwenyewe. Wa nne alikuwa Vijiti, mpiga ngoma, kaka yake Fundi. Tangu tumzike huu ni mwezi wa tatu, na nafasi yake hapa benchini hatujaizoea hata kidogo. Kabla hajaugua alimwachia Fundi mdundo mmoja kwenye kompyuta. Jana Fundi akaona mapigo yamekaa ovyo, akayavuta yote, kila moja kwenye kisanduku chake pale kwenye skrini, yakalingana sawasawa, kisha akahifadhi juu ya ule wa mwanzo, ukafutika. Na leo mjane wa Vijiti anakuja kuusikiliza.

— Sikieni, Fundi akasema, akabonyeza.

Ta, ta, ta, ta.

— Mbona safi? nikauliza.

— Usafi ndio balaa lenyewe! Kaka alikuwa anachelewa kidogo pigo la nne. Nalisogeza huku, nalisogeza kule, silipati.

Mzee Redio akapuliza kahawa yake.

— Zile ndala zake kubwa. Mguu unafika, ndala inafuata.

— Toka hapa! Ni bega. Nimemnyoa miaka kumi na moja, la kushoto lilikuwa chini.

— Basi tuilaze kompyuta kushoto, Mzee akasema.

Tukailaza. Watu wazima na akili zetu.

— Bado, Fundi akasema.

— Haipumui hiyo, Mzee akasema. Vijiti alikuwa anavuta pumzi kwanza, ndipo apige. Iwashie feni.

Nikacheka. Fundi hakucheka.

— Nimempoteza kaka yangu mara mbili, jamani. Hii ya pili nimeifanya mwenyewe.

 Mara mjane naye akafika, akaketi palepale pa mumewe bila kuelekezwa.

— Haya, shemeji. Niwekee.

Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Alipoyafumbua akauliza kwa upole:

— Mzuri. Ila anapiga nani huyo?

Mzee akainamia kikombe. Mimi nikatazama viatu vyangu. Fundi akabonyeza tena, na sote wanne tukalisubiri lile pigo la nne, lichelewe japo mara hii moja tu.

Likaja kwa wakati.