Kwa Ruhusa ya Sindano

Sogeeni, wanangu, msinisimamie mlangoni kama mashahidi waliokosea mahakama. Na wewe Radi, kifungua mimba wangu, igeuze simu yako kifudifudi, maana leo mama yako ndiye taarifa ya habari na taarifa hii haina matangazo ya biashara katikati. Niinulieni mto. Siyo huo, huo una donge. Huo mwingine. Haya. Sasa pumzi inapita, japo inapita kwa kunyata kama mgeni ambaye hakualikwa, na daktari ameanza kuzungumza nami kwa upole mwingi mno, nami namjua daktari yule, hana upole na mtu anayepona. Basi sikilizeni, nina mambo mengi na kifua kidogo, na jioni hii baada ya taarifa ya habari redio yetu itarusha kipindi ambacho kikirushwa kama kilivyo nitakufa roho ikiwa juu juu, na huenda kuna mtu atakayenitangulia.

Mnatazamana. Mlidhani nimewaita kugawa nyumba. Nitaigawa, tulieni, nyumba haina miguu. Nyumba hii ni ya Kitinda, kwa sababu ndiye aliyekaa ndani yake akinigeuza ubavu huku nyinyi wawili mkigeuza mitambo, na nisisikie mtu yeyote akinung'unika. Jengo la redio, mnara wake, studio na ile jenereta inayokohoa kuliko mimi ni mali yenu nyote watatu, asiuze mmoja bila wawili. Kiti cha mhariri sijampa mtu. Nitampa mmoja wenu kabla hamjatoka humu ndani.

Fungua dirisha, Kitinda. Funga kidogo. Ee, hapo.

Jana mlinijia mnacheka, wewe Radi umekuja na sauti yako ya kutangaza mpira, mkaniwekea spika kifuani kama kitambaa cha homa, mkasema, "Mama, sikiliza kipindi cha maisha yetu!" Nikasikiliza. Fundi, binti yangu, mikono yako imebarikiwa kwenye mitambo, sauti ya yule mama mliyemhoji umeishusha mpaka akawa kama chura aliyemeza baragumu. Jina mmelificha, mtaa hamkuutaja, kazi yake hamkuigusa. Na mimi hapa, sikio moja limezibwa na mto na la pili limezibwa na uzee, hata hajamaliza salamu nikamjua kama ninavyolijua komeo la mlango wangu. Kwa nini? Kwa sababu kabla hajaanza kueleza anavyopigwa nyumbani kwake, alivuta pumzi akasema, "Kwa ruhusa ya sindano."

Nani mwingine chini ya jua anasema hivyo? Ni mshonaji wa sare za shule, yule mwenye cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na kila mtoto wa mji huu aliyewahi kusimama mbele yake amenyoosha mikono kama jambazi aliyekamatwa ameyasikia maneno hayo. Kwa ruhusa ya sindano, usipumue. Kwa ruhusa ya sindano, umenenepa. Kwa ruhusa ya sindano, kamwambie baba yako suruali hii imefika mwisho wa safari, haina tena pa kuongezwa. Mji mzima umedungwa pini na yule mama, na watu wakitaniana humwigiza. Nanyi, wanangu, mmelificha jina lake mkauacha muhuri wake. Tena nasemaje kuuacha! Mmeukata, mkaupamba kwa kinanda, mkauweka mwanzo kabisa wa kipindi, eti kwa sababu unapendeza. Huo ndio ugonjwa wetu watu wa redio, sikio letu ni nzi, hutua penye utamu, na utamu wa msemaji ndio alama ya kidole chake.

Na mumewe ni nani? Ni Mkandarasi, bwana mpole, mwenye kuinuka kumpisha mzee kiti, ambaye mafundi wake wanapiga plasta tangu asubuhi redio yetu ikiwa imening'inizwa kwenye msumari. Akiyasikia maneno yale atafunga kazi mapema leo. Kisha nani atakwenda kurekodi yatakayofuata? Wewe?

Usinikatize, Radi. Au sema, sema, usije ukapasuka. Unasema alikubali mwenyewe, na kukubali kwake umekurekodi. Alikubali nini, baba? Alikubali kusema, hakukubali kujulikana. Hayo ni mashati mawili tofauti hata kama kitambaa ni kimoja. Ulimwambia kwamba sauti ikishatoka kwenye mnara inaingia kwenye simu, na ikiingia kwenye simu haina tena mwenyewe, mwanawe ataisikia shuleni miaka ijayo ikichezwa kwa kicheko? Ulimwuliza atalala wapi usiku wa leo? Maana mimi nilimwuliza. Asubuhi nilimtuma Kitinda kwake na gauni langu la kupunguzwa kiuno, kwa kuwa nimebaki kama ufagio na hakuna atakayeshangaa, na walipokuwa wameinamia pindo Kitinda akamwambia polepole, "Shangazi, maneno yako ya sindano yamo kipindini." Mwambie kaka yako alivyojibu, Kitinda. Sema kwa nguvu.

Mmesikia? "Maneno gani ya sindano?" Hajui kama anayasema! Miaka yote hii anatuomba ruhusa na hajui! Wala sishangai, mtu hausikii mkoromo wake. Ndiyo maana kumwuliza mtu mara moja tu na kumwelekezea kinasa sauti hakutoshi, wanangu. Rudini kwake, mketi, mumsikilizishe kipande kilichokwisha kukatwa, mumwulize nani atakutambua hapa, na kwa jambo gani, na akibadili nia msimwonyeshe uso wa mfiwa kwa sababu habari yenu imekufa. Kwanza kafa nani? Habari haifi. Anayekufa ni mtu.

Maji. Kidogo tu. Mengine unaninyweshea kifua.

Mnamkumbuka Wino Mzito, wa lile gazeti, ambaye sijampa mkono tangu mkiwa watoto, na mkadhani tuligombania cheo? Hatukugombania kitu. Aliandika habari ya binti aliyebakwa, na jina hakuliandika, alijisifu mno kwa hilo, alijipiga kifua mpaka kalamu ikaruka mfukoni. Jina halikuandikwa; iliandikwa tu kwamba ni bintiye mwalimu mkuu, kwamba ni pacha, na kwamba pacha mwenzake ni wa kiume. Basi niambieni, mwalimu mkuu mwenye pacha wa namna hiyo alikuwa nani kama si jirani yetu wa mkono wa kushoto? Jioni ile watu walikuja kuchungulia uani kwao kama wanaotafuta kuku aliyepotea. Walihama bila kuaga, wameacha mpaka nguo kwenye kamba. Nami nilipomwendea Wino Mzito alicheka, akaniambia, "Dada, mimi sikutaja mtu." Kila kipande peke yake ni jiwe tu, wanangu, lakini ukiyapanga vizuri umejenga ngazi ya kumfikia mtu dirishani. Akija msibani mpokeeni, mpeni kiti, nimemsamehe. Mpeni kile kinachoyumba.

Unasemaje tena, Radi? "Mficha uchi hazai, mama." Hee! Methali yangu mwenyewe unanirudishia mdomoni. Ni kweli, mficha uchi hazai, lakini mkunga akishauona hautangazi sokoni! Sisemi mkizike kipindi. Nani amesema kuzika? Humu wa kuzikwa ni mmoja tu na anajulikana. Yule mama anataka kusema, amemwambia Kitinda kwamba amechoka kushona sare za watoto wa wenzake kwa mkono uliovimba huku akisema ameangukia ndoo. Nasema kitoke akiwa ameshafika kwa dada yake, anakotaka kukimbilia, kwa maneno yatakayosomwa na mtu mwingine, bila sindano, bila cherehani, bila ile sauti ya kengele ya shule nyuma yake ambayo Fundi, najua uliisikia, kwa sababu jana ilipopita ulitazama sakafu. Siku nyingine ukisikia kitu, usitazame sakafu. Sakafu haina mamlaka ya kusimamisha kipindi. Na mwisho wa kipindi waambieni wanaosikiliza na kuumia waende wapi na wampigie nani, msiwafumue mshono mkawaacha hivyo hivyo mkawawekea muziki.

Na Mkandarasi lazima aulizwe, hata mwizi wa mchana kweupe ana haki ya kujibu. Lakini aulizwe mkewe akishakuwa mbali, aulizwe na watu wawili, mahali penye watu, na ofisini wajue mmekwenda wapi na mnarudi lini. Najua ulitaka kumwendea leo mwenyewe, Radi, na pikipiki yako. Ushujaa wa mtu mmoja, mwanangu, husomwa vizuri sana kwenye tanzia. Na ile sauti ghafi iondoe kwenye simu yako leo, simu ambayo inashikwa na kila mtu, na namba yake ya siri ni tarehe yako ya kuzaliwa, tarehe ambayo hata muuza mkaa anaijua kwa jinsi unavyodai zawadi. Cheka, Fundi, cheka. Wewe naye umeisikiliza sauti ile mara nyingi kuliko sisi sote, ndiyo maana macho yako yamekuwa hivyo. Usiibebe peke yako. Mzigo wa sikio nao ni mzigo.

Geuzeni saa ile nisiione, inanikimbiza. Hapana, irudisheni. Taarifa iko karibu.

Radi. Nitazame. Kusimamisha kwa nguvu siwezi, hata kijiko sasa hivi kinanishinda. Wasikilizaji umewaahidi wiki nzima, jina lako limetajwa, na tuzo unainusa, nakujua, nilikuwa na pua hiyohiyo. Nakuomba mara moja tu. Ee. Ichukue simu. Mpigie fundi wa zamu. Mpigie hapa hapa, niisikie.

...Rudia kwa sauti ya kutangaza, hajakusikia. "Kiondoe. Kisirushwe. Weka muziki. Nitaeleza mimi mwenyewe." Vizuri. Vizuri sana, baba yangu.

Kiti cha mhariri ni chako. Fundi, usininunie. Wewe kuacha kipindi kusingekuuma, hukuwa na njaa nacho. Na asiye na njaa hatuwezi kusema amefunga, amekosa tu hamu. Huyu alikuwa na njaa, sahani ilikuwa mezani, akaisukuma. Lakini wewe ndiye sikio lake, na bila neno lako kisitoke kitu hewani. Ukisema hapana, asikuulize mara mbili.

Naona kama chumba kinasogea... Shikeni mkono. Huu ni wa nani? Baridi hivi.

Nikifa msitangaze upesi. Dada yangu anashinda na redio sikioni, na moyo wake mnaujua. Aende mtu, aketi, amshike mkono, ndipo aseme. Mtu asisikie msiba wake redioni. Picha yangu hapa kitandani hakuna. Na mkisoma wasifu wangu... punguzeni sifa. Nitacheka, nitaharibu shughuli.

Mungu awape ulimi mrefu kwa mwenye nguvu na mfupi kwa mwenye kidonda. Awape watu wa kuwaambia ukweli... na masikio. Mpendane. Msi... mto, ushusheni. Hapo.

Mbona bado mmekaa? Kitinda amemwacha yule mama ameshafunga mfuko wake tangu asubuhi, anasubiri kipindi kianze, hajui kwamba hakipo. Asisikie kimya peke yake. Mume yuko kazini bado... chukueni gari, siyo lenye jina la redio, mkampeleke kwa dada yake. Wote watatu. Kitinda pia, wewe ndiye anayekuamini. Nendeni.

Msinililie, nendeni kwanza. Mimi nitawasubiri.

Nikishindwa... msikasirike.