Sukari ya Mathenge

Kijiwe cha Wabera, mjini Isiolo, ni benchi moja lililofungwa mguu kwa waya, na birika la Mama Kabale juu ya jiko la makaa. Kabale huuza kahawa, lakini biashara yake halisi ni masikio. Asubuhi hiyo Mzee Arero, aliyebatizwa Profesa tangu ahudhurie semina ya siku mbili, alifika na sufuria. Ijumaa anakwenda Kinna kumposea mwanawe, na Mborana haendi kuomba msichana mikono mitupu: hubeba kahawa, tumbaku na sukari. Profesa alikwisha kuwaapia wakwe kwamba sukari ataitengeneza mwenyewe, kwa miti ya mathenge, ile ya miiba iliyovamia malisho. Akafunua. Tope jeusi.

— Hii ni sukari ama ni lami ya barabara? Kabale akauliza.

— Mama, subira huvuta heri. Humo kuna vimeng'enya, ule unga tulipewa semina. Vinakatakata mti mpaka utamu uliofungiwa ndani utoke.

— Kukata vimekata. Vimekata mpaka pumzi yangu.

Etabo wa bodaboda, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimwi, akachovya kidole, akanusa, akakipangusa kwa shati la jirani.

— Profesa, hivi ni vya ng'ambo. Vimezoea miti ya huko. Na mathenge ya Isiolo hata hawajasalimiana!

Huyo jirani, Murithi muuza miraa, akaruka.

— Wacha ujinga! Mathenge imemaliza meno ya mbuzi wangu watatu. Mbuzi mzima, sembuse unga? Viko hapo chini vibogoyo, vinamung'unya tu.

— Ama sukari ilitoka, vikailamba vyenyewe, Redio akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwani uliipikaje? Kabale akamdodosa Profesa.

— Nikakata mti, nikatia maji na ule unga, nikachemsha jana tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Semina walisema maji ya vuguvugu, lakini mkwe utampa kitu cha vuguvugu? Si ni matusi? Hata chai yetu huchemka mpaka majani yatubu.

— Hapo ulifanya vizuri, Murithi akakubali. Shida ni moto kidogo. Ongeza kuni.

— Kuni ni ya nini? Choma tairi! Redio akasema. Tia na magadi. Penye nia pana njia.

Pikipiki ikasimama. Akashuka mama wa buibui, mkoba kwapani. Kabale akamtambua upesi, masikio yakamsimama kwa furaha: Sadiya wa Kinna, shangazi ya yule msichana anayeposwa!

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, wakaitikia. Profesa akatafuta mfuniko, asiuone.

Sadiya akaichungulia sufuria, akasimuliwa yote. Redio hakumwachia hata koma. Sadiya akamgeukia Profesa.

— Abba, ngamia wangu hula miti kila siku, na miti hiyo inakuwa maziwa. Tumboni mwake nani huwasha moto?

Murithi akatazama viatu. Redio akaishiwa betri. Profesa akashika kichwa: semina walisema vuguvugu, na moto wake ndio ulioviua vile vimeng'enya.

— Haya. Mimi nimetumwa nije nione msichana wetu anaenda kwa watu wa aina gani. Nikirudi niseme nini?

Kabale, ambaye ana habari za kila nyumba ya Wabera, akainama kupuliza jiko lililokuwa likiwaka vizuri.