Samaki wa Wasiokula Samaki

Kwenye teksi ya Probox iliyotoka Chepilat, Phelis, mchuma chai, alijikuta amekaa katikati ya ugomvi. Kushoto kwake Mzee Okemwa, mvuvi na mchuuzi wa samaki, alipakata beseni la ningu waliojaa mayai. Kulia alikuwa Chepkemboi, mkulima aliyekuwa akienda Kabianga kwenye mkutano wa chama cha kulinda samaki wa mito.

“Hao walikuwa wanapanda mto kutaga, mzee,” Chepkemboi alisema. “Leo tunataka chama kipitishe: mvua kubwa ikianza, hakuna kutega nyavu.”

Okemwa akacheka. “Madam, nyinyi Wakipsigis hata samaki hamli. Mnampangia nani chakula?”

Phelis, Mkisii kama Okemwa na mpenzi wa ningu wa mayai, aliona hilo swali lina haki yake.

“Bibi yangu alikuwa anaita samaki nyoka wa maji,” Chepkemboi akajibu bila haya. “Hakuwagusa mpaka akafa. Ndio maana wewe umewapata. Tungekuwa tunawala kama nyinyi, hilo beseni ungejaza na nini?”

“Nisipotega mimi, jirani atatega.”

“Basi tutamkataza na yeye.”

“Nyavu sitoi! Waambie Okemwa amekataa!”

Gari likasimama njia panda ya Kabianga. Chepkemboi alishuka, kisha akageuka. “Mimi si wa kutumwa. Shuka uwaambie mwenyewe, na ubebe hilo beseni walione.”

Akaenda zake, mlango akauacha wazi. Dereva akamtazama Okemwa. Phelis naye, polepole, akasogeza magoti ili mzee apate njia.