Seth Kaingu, Aliyemsomea Mkewe

Marehemu Seth Kaingu Dzoro alizaliwa Rabai tarehe 3 Machi 1912, mtoto wa pekee wa Mama Kache na marehemu Mzee Dzoro.

Alisoma shule ya misheni hukohuko Rabai, tangu 1921 hadi 1927. Wenziwe walisoma wapate cheti. Yeye hata karatasi iliyofungiwa sukari aliilamba kwanza, kisha akaisoma. Hayo ameyasema mamake mwenyewe.

Kusoma ndiko kulikompa riziki. Mwaka 1929 aliandikwa kuli bandarini Mbaraki, na ilipoonekana anasoma alama za magunia bila kubabaika, akapewa ukarani wa ghala. Mshahara wake, jamani, uliishia kwenye vitabu vikuukuu vya sokoni Makupa.

Alimwoa Mbodze tarehe 12 Septemba 1936, wakapanga chumba cha chini Mji wa Kale, kwa Bi Mwanakuu. Mbodze hakujua kusoma. Basi kila jioni Seth alimsomea, na sharti lao lilikuwa moja: hakuna kutangulia. Mbodze asipokuwapo, ukurasa haufunuliwi. Akisoma kwa sauti ndogo, Bi Mwanakuu hugonga sakafu huko juu: "Wee Seth, toa sauti, baba! Na sisi huku tuna masikio!"

Kitabu chao cha mwisho kilikuwa cha mwanamke aliyevuka jangwa akimtafuta mumewe. Mwanamke amefika kisimani, ameona nyayo, ndipo Seth akaanza kutema damu. Ilikuwa Mei mwaka huu wa 1948. Alilazwa kwa kifua kikuu.

Ole wetu! Mama Kache, kwa kumhofia mjukuu wake Mejumaa, alisema, "Mwanangu amezikoholea karatasi hizo miaka yote. Ugonjwa umo humo." Mbodze alilia, akavichoma vitabu vyote uani. Hospitalini Seth alimwuliza, "Vitabu vyangu vizima?" Akajibu, "Vizima."

Oktoba alirudishwa nyumbani, dawa zimeshindwa. Akasema, "Mama Mejumaa, lete kitabu tumalize." Mbodze akamwambia kweli. Seth hakumgombeza. Lo, heri angemgombeza! Alifumba macho, akamsimulia kwa kichwa tangu mwanzo, pumzi ikimkatika kila sentensi. Alipofika kisimani, kwenye zile nyayo, alinyamaza.

"Tuliishia hapa," akasema. "Mbele sikujui."

Alikata roho alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1948.

Ameacha mama yake, Kache, mjane wake, Mbodze, na binti yao Mejumaa, ambaye bado hajajua herufi. Bi Mwanakuu naye yupo hapa, ameinama. Karatasi hii Mbodze ataichukua nyumbani kama sisi sote, na wa kumsomea ndiye huyu tunayemfukia.

Alale salama Seth wetu, wala pumzi isimkatike tena.