Bi Kengele Ashuka Mnarani

Baada ya kuutumikia uwanja wetu wa mbio za magari kwa miaka thelathini na minne na miezi mitatu, mhesabu mizunguko wetu mkuu, ambaye nyote mnamwita Bi Kengele, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika machache kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, kwa kuwa dirisha langu la tiketi liko chini ya mnara wake, na nyayo zake nimezisikia juu ya kichwa changu kwa miaka ishirini na sita. Wiki hii hazitulii. Anapanda, anashuka, anafungua kabati, analifunga, anapanda tena.

Alipoajiriwa, uwanja ulikuwa na mwaka mmoja tu. Kabla ya hapo palikuwa kiwanja cha ndege ndogo, lami imepasuka, na badala ya ukuta kulikuwa na kamba na matairi chakavu yaliyopakwa chokaa. Kona ni zile zile saba, na ya tano inawatoa watu jasho mpaka leo. Mnara ulikuwa wa mbao na ulitikisika magari yakipita. Yeye aliletwa kuuza soda. Siku yake ya pili, mhesabu mizunguko alizidiwa na homa mbio zikiwa katikati, na msimamizi akapaza sauti, "Nani hapa anaweza kuhesabu bila kuongea?" Alipanda na kreti yake ya soda, na ikawa ndiyo ajira.

Kwa wageni kazini nieleze kidogo. Kila gari lina mstari wake daftarini, na kila likipita mbele ya mnara anaweka alama moja. Ukibaki mzunguko mmoja anagonga kengele. Ikitimia hesabu, anampa ishara mshika bendera, na bendera ya miraba ikishuka mbio zimekwisha. Ukisimuliwa unaona ni kazi ya mtoto. Jaribu na magari kumi na manne, mvua, na madereva wawili wanaotukanana chini ya dirisha.

Amehesabu mbio zaidi ya mia sita. Uwanja ulipofungwa miaka miwili ili lami ing'olewe, alikuja kila Jumamosi kufuta kinyesi cha ndege kwenye kioo cha mnara. Mashine za kuhesabu zilipoletwa, miaka minane iliyopita, fundi alimwambia, "Mama, sasa pumzika." Akamjibu, "Ahsante mwanangu, endelea na ya kwako." Miezi miwili baadaye umeme ulikatika mbio zikiwa katikati, na fundi yule yule alipanda ngazi mbili mbili kwenda kuomba daftari.

Huhesabu hata asipotumwa. Atakwambia ngazi za mnara ni thelathini na moja, na kwamba katika mkutano wa mwaka jana mwenyekiti alipiga miayo kumi na saba.

Lipo jambo moja ambalo ameniomba nisiliruke.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, kaka yangu, marehemu sasa, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Moshi kwa ajili ya gari lake, alishinda mbio za kufunga msimu, mizunguko ishirini. Alishindana miaka kumi na mmoja, na hiyo ndiyo mara pekee aliyoshinda. Jina lake liko kwenye ubao wa ukumbini, nami hulipita kila asubuhi nikienda kufungua dirisha.

Kaka alifariki Novemba iliyopita. Mwezi wa pili mwaka huu Bi Kengele alikuja dirishani kwangu na daftari la siku ile, pamoja na karatasi ya mtunza muda. Daftari lilikuwa na alama ishirini. Karatasi ilikuwa na muda wa mizunguko kumi na tisa. Siku ile mvua ilikuwa ikiingia ndani, akainuka kufunga dirisha la mnara, na aliporudi hakukumbuka kama ameshaweka alama. Akaweka. Kesho yake, akilinganisha na karatasi, akajua kwamba bendera ilishushwa mzunguko mmoja kabla ya wakati. Alikwenda kwa kaka ili amwambie. Alikuta kikombe cha ushindi kimewekwa juu ya redio, majirani wanakishika kwa zamu. Akanywa maji, akaaga.

Nilimwambia anipishe, nina foleni. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Wiki mbili sikuzungumza naye. Kilichonikosesha usingizi si kosa lake. Ni kwamba jioni ile, akivua viatu jikoni, kaka aliniambia, "Mdogo wangu, wangeongeza mzunguko mmoja tu, ningelisukuma kwa mkono." Injini ilikuwa imekufa. Nilicheka wakati ule, na sikuwahi kuyafikiria tena maneno hayo. Sasa nilielewa kwamba ushindi wake wote ulisimama juu ya alama moja ya kalamu. Bi Kengele alipoliripoti kosa lake na kuitwa mbele ya kamati ya uwanja, niliomba na mimi niingie, nikayasema maneno ya kaka kama yalivyo. Nisingeweza kumwacha aseme kweli peke yake huku nimekalia ya kwangu.

Kamati ilimwita pia aliyeshika nafasi ya pili siku ile, ambaye sasa ana duka la matairi. Alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo. "Jamani, mimi nilikuwa hoi. Nilipoiona bendera nilishukuru. Moshi alikuwa mbele, mbele ni mbele." Kisha katibu akasoma kanuni: mbio huisha bendera inaposhuka, hata ikishushwa mapema, na aliyetangulia ndiye mshindi.

Ubao umepakwa rangi upya. Jina la kaka yangu limebaki. Palipoandikwa mizunguko 20 sasa pameandikwa 19, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwa ombi la Bi Kengele mwenyewe: *kosa la mhesabu*. Na kwa pendekezo lake, kuanzia msimu ujao wahesabu watakuwa wawili, kila mmoja na daftari lake, wakilinganisha kabla kengele haijagongwa.

Ahsante, dada yangu, kwa miaka yote hii. Tunakuombea siku ndefu, afya, na wajukuu wasiochoka kukusikiliza. Ukija kutazama mbio, kaa jukwaani na wenzako, unywe soda yako, usihesabu. Tutahesabu sisi. Tukikosea, tutasema siku hiyo hiyo.