Bega la Kushoto la Mzee Kosgei

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Vuteni viti karibu na redio, na anayeosha sufuria apumzike kidogo. Jioni hii tunamkumbuka Kipkemei arap Kosgei, fundi wa nyaya za simu za reli hapa Nakuru. Alitutoka Alhamisi iliyopita, kwa homa ya mapafu.

Kabla sijaenda mbali, mniruhusu nijisifu. Mashine aliyoitengeneza marehemu, mtu wa kwanza kuivaa ni mimi. Niliitembeza maili tatu, kutoka landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hadi ziwani, bila kupumzika hata mara moja.

Mjane wake, Mama Chelagat, ameketi nami hapa studioni. Ananitazama. Haya, mama, nitafika hapo.

Tuanze na bega. Bega la kushoto. Lishikeni vizuri, kwa maana habari yote iko hapo. Mwaka wa arobaini na moja Mzee Kosgei alikuwa askari Uhabeshi. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele na mashine ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Moja lilimpata kabla yeye hajalipata. Kipande cha chuma kikaingia bega la kushoto, kikabaki humo.

Tangu siku hiyo bega lilikufa ganzi. Mzigo ukimwelemea, hakusikia kitu. Maumivu yalikuja kesho yake, na mkono ukavimba. Daktari alimwambia waziwazi: "Bega hili likiendelea kuvimba hivi, mkono utapooza." Na mkono huo ndio uliompandisha nguzo za simu. Ndio uliolisha watoto wanne.

Sasa sikilizeni alichokifanya mtu huyu. Mwaka wa hamsini na nne, kwenye mnada wa vifaa vikuukuu vya jeshi kule Lanet, alinunua mashine ileile. Ndiyo, ya mabomu! Diski ya mbao kwenye mti mrefu, visikilizio vya masikioni, na sanduku la betri la kutundika begani. Ratili thelathini na zaidi.

Mama Chelagat ananiambia: "Nilimwuliza, 'Baba Kiprono, vita havikukutosha?' Akanijibu, 'Kule nilikuwa natafuta kifo. Sasa nataka kutafuta vitu vya watu.'"

Vitu vya watu! Kila Jumapili baada ya kanisa tulitoka pamoja. Yeye, Zeddy dereva wa lori, Akoth mke wa mchochea makaa wa garimoshi, na mimi, mwenye mdomo. Tulizunguka mahali walipopiga kambi watu waliojenga reli zamani. Tulipata vifungo, misumari ya reli, vijiko, bakuli la mkebe lenye jina lililochongwa kwa kisu. Mzee alikuwa akikishika kila kitu kwa mikono miwili. Hakuuza hata kimoja.

Siku moja askari polisi alitusimamisha. Mnajua hali ya hatari ilivyo. Ukionekana porini na waya na betri, una maelezo ya kutoa.

"Mnatafuta nini?"

"Misumari, afande," akasema mzee.

"Nani aliipoteza?"

"Waliojenga reli."

Askari akasoma kibali chetu cha D.C., mkuu wa wilaya, mara mbili. Akaitazama mashine. "Nendeni. Mkipata wembe wa kunyolea, mniletee."

Tulicheka hadi nyumbani. Lakini Jumatatu mkono wa mzee ulikuwa umevimba. Ikawa hivyo kila Jumatatu. Akaona kuna mambo mawili tu: aiache mashine, au aifanye nyepesi.

Aliniambia hivi, nami nakumbuka: "Jeshini hakuna anayekuuliza kama unaumia. Lakini huu ni mchezo wa Jumapili. Kwa nini mchezo uumize mtu?"

Kwanza aliitupa ile diski, akaifunga mizunguko ya waya ndani ya sufuria ya alumini. Nyepesi ajabu! Akaiwasha. Ikalia. Akaiinua juu hewani. Ikalia. Akoth akashika kiuno: "Mzee, imepata sufuria yako. Tuchimbe?"

Wiki iliyofuata Akoth huyohuyo alimletea uteo wake wa kupepetea wimbi. Waya ukazungushwa kwenye ukingo wa uteo, mti ukabadilishwa ukawa mwanzi. Mashine ikasikia vizuri. Upande wa mbele ukawa umemalizika. Likabaki lile sanduku la betri.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mzee hakuweza kujipima mwenyewe, kwa sababu bega halikumwambia kitu hadi kesho yake. Alihitaji mabega ya watu wengine. Alihitaji mtu avae, atembee, amwambie ukweli: panauma hapa, panakata pale.

Akanichagua mimi.

Wasikilizaji wapendwa, zile maili tatu, punguzeni. Nilifika kwenye ua wa kwanza, mahali mzee asipoweza kuniona, nikaketi juu ya jiwe nikala muwa. Nikarudi nikipiga mluzi. Akaniuliza, "Vipi, kijana? Panauma wapi?" Nikamjibu, "Mzee, nyepesi kama manyoya ya kuku!" Watu wakacheka, nami nikafurahi kuwachekesha.

Yeye hakucheka. Aliniamini. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi, akaongeza betri ya pili, isikie chini zaidi. Jumapili iliyofuata akaivaa mwenyewe kutwa nzima. Jumatatu mkono ulikuwa kama mkungu wa ndizi. Wiki tatu hakupanda nguzo. Daktari akasema, ikitokea mara moja tena, basi.

Hakunigombeza. Safari iliyofuata akampa Akoth mashine. Akoth alitembea hatua ishirini, akasimama.

"Mzee, mkanda huu unanikata shingo. Nani alikwambia ni nyepesi?"

Mimi nilikuwa nikitazama ndege ziwani.

"Na kwa nini begani?" akaendelea. "Mtoto hatumbebi begani. Tunamfunga mgongoni, chini, akae kiunoni. Hata kuni wenzetu Wakikuyu hawazitundiki kwa kamba nyembamba. Mkanda wao ni mpana."

Mzee akaingia ndani kutafuta ngozi. Alikata mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe, akaitoa betri ya pili, ile iliyobaki akaishusha kiunoni. Ratili kumi na mbili, yote kwa jumla! Bega la kushoto halibebi kitu. Aliimaliza siku ya Ijumaa. Jumamosi homa ikamshika, Jumapili akalazwa hospitalini. Hakuwahi kutembea nayo.

Kwa Mama Chelagat, kwa Kiprono na wadogo zake, kwa mafundi wote wa nyaya, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki tufikirie jambo moja: mtu akikuuliza panauma wapi, mjibu. Huenda anauliza kwa ajili ya mwili wake. Mimi nashukuru kwamba nililipata somo hilo mapema. Jumanne nilifika hospitalini, nikamshika mkono, nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia—

"Mwanangu, subiri."

Naam, mama?

"Jumanne hukuja. Mimi nilikuwa kwenye kiti kando ya kitanda chake, sikuondoka. Machungwa yako yaliletwa na Zeddy."

Mama...

"Aliniagiza niilete mashine, nikaiweka chini ya kitanda. Akasema, 'Akoth amezoea kubeba. Yule kijana hajazoea kubeba kitu. Akija, mvalishe, atembee hapo veranda. Asiseme neno. Nitamtazama tu, nijue kama nimemaliza.' Siku nne, mwanangu. Kila mlango ulipofunguka, aliinua kichwa."